Kiti Kilichokaa Mkiani

Hadithi hii haihusu nchi yenu. Tumeulizwa na wahusika, tumekana, na karatasi ya kukana tumeigongesha muhuri mbele na nyuma. Nchi tunayoisema iko mbali, jina lake limezuiwa kwa sababu za usalama, na viongozi wake ni watu wema kiasi kwamba wakikuvunjia nyumba wanakuachia mlango.

Mlango ndio alioachiwa Bi Sikudhani.

Sikudhani alikuwa fundi wa makochi katika Kilele, mji mkuu wa nchi hiyo. Aliishi na mama yake mzazi, Bi Mwanakheri, kwenye nyumba ya vyumba viwili na baraza, kiwanja namba arobaini na nne. Nyumba ile ilijengwa na bibi yake Sikudhani zamani, Kilele ikiwa bado vichaka, fisi wakipita mchana. Fisi walipoondoka wakaja viongozi, na bei ya ardhi ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, mpaka ikafika mahali mtu akitema mate chini anaulizwa kibali.

Aliyeumia zaidi na jambo hilo alikuwa Waziri wa Ardhi, Mandhari na Heshima, Mheshimiwa Dakta Ngebe. Alilia bungeni. "Waheshimiwa," alisema, akijifuta macho kwa kitambaa cha serikali, "viwanja vyetu vinadhalilishwa! Kiwanja cha thamani kubwa kinakaliwa na kibanda cha udongo. Nauliza, kiwanja hakina utu? Kiwanja hakina hisia?" Wabunge walipiga meza mpaka mbili zikavunjika. Siku hiyohiyo ikapita Sheria ya Heshima ya Kiwanja, ambayo Mheshimiwa aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na haraka aliiandika fupi. Kifungu cha kwanza: *Nyumba itafanana na bei ya kiwanja chake. Isiyofanana itavunjwa, na kiwanja atapewa anayeweza kukiheshimu.* Cha pili: *Aliyedhalilisha kiwanja hatakanyaga Makao Makuu kwa miaka kumi.* Cha tatu: *Sahihi haihitajiki. Rufaa hakuna.*

Walikuja Jumatano asubuhi, Bi Mwanakheri akiwa barazani anakunywa uji. Ulitangulia mtambo wa kuvunjia, ule ambao watu wa kule huuita kijiko, wakafuata wapiga picha, akaja Mheshimiwa mwenyewe chini ya mwavuli alioshikiwa na mtu mwingine.

"Karibu, baba," alisema Bi Mwanakheri. "Hata shikamoo hamna huko serikalini?"

Mheshimiwa hakumtazama. Alimnyooshea Sikudhani kidole. "Wewe mama, toa vitu."

"Huyo ana jina," alisema bibi kizee. "Nilimzaa madaktari wameshanikatia tamaa, nikashika kichwa nikasema, sikudhani! Likawa jina. Mwite jina lake, baba, ataitika, na vitu atatoa. Mwanangu ana adabu."

Mheshimiwa alicheka, na wapiga picha nao wakacheka kwa sababu walilipwa. "Bibi, serikali haiiti watu majina. Nyumba namba arobaini na nne! Toa vitu!"

Sikudhani alitoa cherehani, akatoa sponji na misumari, akatoa kochi moja la kitambaa cha kijani, akamketisha mama yake juu yake palepale barabarani. Kijiko kikafanya kazi yake, na kilipomaliza uji ulikuwa bado wa moto. Mlango peke yake uliachwa umesimama. Mthamini wa wizara aliugonga kwa kidole, akaona ni mninga, akaandika kwenye fomu yake: *Mlango unafanana. Apewe.*

Kisha Mheshimiwa akageukia wapiga picha, akatoa ushauri. "Nchi yetu ni kubwa, ndugu wananchi. Asiyemudu Kilele aende Mkiani! Kule kiwanja ni bei ya kuku." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana Mkiani ni mji mdogo ambako barabara inaishia, na hata ramani ya taifa huandika jina lake nje ya mpaka wa karatasi.

Bi Mwanakheri alifariki siku ya tisa, juu ya lile kochi la kijani, kwenye baraza la jirani. Hakulaani mtu. Aliuliza tu, "Alikuita jina?"

"Hakuniita, mama."

"Atakuita."

Baada ya kumzika mama yake, Sikudhani aliapa mambo mawili: kwamba nyumba ya Ngebe ataiona chini kwa macho yake, na kwamba Ngebe atamtaja jina kwa kinywa chake. Hakusamehe. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji wanaopenda hadithi za kusameheana. Hao wakatafute nyingine, zipo nyingi.

Na kiwanja namba arobaini na nne? Kamati ya kumtafuta mtu wa kukiheshimu ilikuwa na mjumbe mmoja. Alitafuta nchi nzima, akajikuta. Mheshimiwa Dakta Ngebe alijenga pale ghorofa saba, kila chenye thamani alichokuwa nacho akakitia humo, na juu kabisa akaweka jina lake kwa taa.

*

Ushauri wa serikali ni wa kufuatwa. Sikudhani alikwenda Mkiani.

Alifika na cherehani, kochi la kijani na mlango. Karani wa ardhi wa Mkiani, Bwana Chande, alimpokea kwa machozi, kwani kwa miaka sita hakuna aliyekanyaga ofisi yake. Muhuri ulikuwa umekauka, na faili la viwanja alikuwa akifunikia mtungi.

"Unataka kiwanja?" aliuliza Bwana Chande. "Kwa hiari yako?"

Watu wa Mkiani walikuwa na ardhi ya kumwaga lakini hawakuwa na pa kukaa. Harusini wageni walikalia ndoo, na bwana harusi, kwa heshima, alikalia debe. Sikudhani akasimamisha mlango wake wa mninga, akauzungushia kibanda, juu akaandika kwa rangi nyekundu: FUNDI WA MAKOCHI. NJOO JUMAMOSI. Akatangaza bei. Kochi la watu watatu, kiwanja kizima. La watu wawili, kiwanja cha pembeni. Ardhi anayoishi mtu au anayolima hakuigusa, alichukua vichaka tu.

Weee! Walikimbilia! Mtu alitoa kichaka alichorithi kwa babu yake, akarudi nyumbani na kochi la maua, akaketi, akakunja nne, akaanza kumcheka Sikudhani. Mji mzima ulimcheka, na kicheko kilikuwa kitamu zaidi kwa kuwa walikuwa wamekaa vizuri.

"Dada Sikudhani," Bwana Chande alimuuliza mwaka wa tano, akigonga muhuri kwenye hati ya kiwanja cha themanini, "viwanja vyote hivi unataka kumzika nani?"

"Kuna mtu namtafutia nafasi," alijibu, akaendelea kupigilia misumari.

Wakati huo Kilele watu walikuwa wanapandiana. Mkurugenzi mmoja alipanga kwa kodi ngazi za ghorofa, alale kila mguu kwenye daraja lake. Jaji alipanga kabati, akashukuru kwamba lina kioo. Wataalamu wa uchumi walikuja redioni kila jioni kusema maneno yaleyale: Kilele haishuki. Nunua leo Kilele, kesho utajuta kwamba hukununua jana. Huko mikoani kuna nini? Mbuzi.

Mwaka wa tisa ulipoingia, Sikudhani alikuwa na ardhi kuanzia stendi ya Mkiani mpaka kilimani. Kila alipomaliza kupigilia msumari wa mwisho wa kochi alisema kimoyomoyo jina moja, na jina lenyewe mnalijua.

*

Sasa tueleze Kiti.

Nchi ile haina rais, ina Mkaaji Mkuu. Mwasisi wa taifa alikuwa na mke wa tano kijijini, akikaa kwake miezi, na hakupenda kuambiwa yuko nje ya ofisi. Akaandika kwenye Katiba: *Makao Makuu ya nchi ni pale Kiti kinapokaa siku tisini mfululizo.* Akaongeza kwamba amri lazima itolewe kwa kukaa juu ya Kiti. Inayotolewa kwa kusimama ni maoni. Hata bei ya ardhi ilifuata Kiti. Ofisi ya Bei, yaani watu watatu na utepe, ilipima kutoka mguu wa Kiti, na kila ulipozidi kuwa mbali, bei ilishuka.

Mkaaji Mkuu wa sasa alikuwa amekikalia Kiti miaka ishirini na sita, na kila mwaka upendo wa wananchi kwake uliongezeka, hasa kiunoni. Siku moja waziri fulani alimsimulia kichekesho kuhusu maskini. Mkaaji Mkuu akacheka, akajitupa nyuma, na mguu wa Kiti ukasema *kwa!*

Taifa lilitangaza siku tatu za kusimama.

Kazi ya kusimamia matengenezo alipewa Dakta Ngebe, kwa kuwa Heshima ilikuwa kwenye jina la wizara yake. Akatangaza zabuni. Masharti yalikuwa yaleyale ya nchi hiyo kila siku: mwombaji awe na uzoefu wa kutengeneza Kiti Kikuu usiopungua miaka kumi. Mafundi mia mbili walileta maombi, mia mbili wakaanguka, kwani Kiti kiliwahi kushonwa mara moja tu, miaka kumi na miwili nyuma, na fundi mmoja tu. Wakafungua faili la zamani. Liliandikwa: *Mwanamke. Yuko Mkiani siku hizi. Anajulikana.*

"Aletwe hapa," alisema Mheshimiwa.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema katibu wake. "Ni miongoni mwa waliodhalilisha viwanja. Kwa kifungu cha pili haruhusiwi kukanyaga Makao Makuu. Bado miezi minane."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Katibu alitazama dari. Alikuwa na watoto watano wanaosoma.

Basi, kama fundi haendi kwenye kiti, kiti huenda kwa fundi. Kiti Kikuu kilipakiwa juu ya lori, kikafunikwa bendera, kikasindikizwa na ving'ora mpaka Mkiani, kikashushwa siku ya Jumatatu mbele ya mlango wa mninga. Bwana Chande alikiangalia, akaangalia kalenda ya ukutani, akalamba ncha ya penseli yake akaweka alama ndogo.

"Kitachukua muda gani?" aliuliza Dakta Ngebe. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Sikudhani, akimtazama usoni, na hakumjua. Kwake yeye nyuso za watu zilikuwa namba, na namba hazina pua.

Sikudhani alikizunguka Kiti, kile alichokishona mwenyewe akiwa bado Kilele. Akabonyeza sponji. Akanusa. Akaimeza hasira ya miaka tisa. Kisha akasema maneno ambayo kila fundi wa nchi ile amerithi kwa fundi aliyemtangulia.

"Njoo Jumamosi."

*

Ndugu msomaji, huenda kwenu mafundi wanamaliza kazi siku waliyoahidi. Hongereni. Katika nchi ile, mtu tangu anazaliwa anajua kwamba suruali, kabati na meno ya bandia hupatikana Jumamosi, ila Jumamosi yenyewe haijatajwa ni ipi. Mtoto anayeuliza ni ipi huchapwa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Jumamosi ya kwanza sponji ilikuwa imeagizwa, iko njiani. Jumamosi ya pili umeme ulikatika wiki nzima. Dakta Ngebe alikasirika, akasema Wizara ya Nishati imethibitisha kwamba umeme haukukatika. "Basi kama haukukatika ulichelewa," alisema Sikudhani. "Njoo Jumamosi." Ya tatu, uzi ulikuwa na rangi nyingine kidogo. Ya nne, fundi alikuwa msibani. Ya tano Kiti kilikuwa tayari, tena kimependeza, lakini usiku fundi alikiota, akaona mshono umekwenda upande, akakifumua chote.

"Umekifumua!" alipiga kelele Mheshimiwa.

"Nisingelala, Mheshimiwa. Mtukufu akae kwenye mshono wa upande? Mimi na dhamiri yangu?"

Jumamosi ya saba alikuja na polisi. Bwana Chande aliwatolea chai, akawauliza kwa upole, "Mkimkamata fundi, kazi nani atamalizia? Si mnawajua mafundi? Mwingine akija ataanza kwa kuuliza, 'Hiki alikitengeneza nani, mbona amekiharibu hivi?' Halafu ataanza upya." Polisi waliguna. Kila mmoja alikuwa na kabati lake mahali. Walikunywa chai wakarudi.

Kila alipokuja, Dakta Ngebe alisubiri. Na pa kusubiri palikuwa mahali pamoja tu: kochi la kijani, kando ya mlango. Aliketi palepale, kwenye kitambaa kilekile, anatikisa mguu. Sikudhani alikuwa akimtazama kutoka kwenye cherehani, sindano mkononi, na mara mbili alijidunga kidole bila kusikia maumivu.

"Kochi zuri hili," Mheshimiwa alisema siku moja, akipapasa mkono wa kochi. "Niuzie."

"Hilo lina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Katangulia."

Mheshimiwa alitazama vichaka vyenye alama za viwanja kuanzia stendi mpaka kilimani, akacheka. "Hivi kuna mjinga ananunua viwanja huku?"

"Yupo mama mmoja."

"Hana akili."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Njoo Jumamosi."

Kule Kilele nako mambo yalikwenda. Mkaaji Mkuu alikuwa anatoa amri akiwa amesimama, kwa hiyo zikawa maoni. Aliamuru mwandishi fulani akamatwe. Polisi wakapokea maoni yake, wakamshukuru. Aliamuru kodi ya kivuli. Wananchi wakasema ni wazo zuri, watalitafakari. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita bei ya unga ilishuka. Wataalamu walishindwa kueleza sababu.

*

Jumamosi ya kumi na tatu ilikuwa siku ya tisini.

Sikudhani alikuwa ametuma ujumbe kwamba kazi imekwisha, ila Mtukufu aje mwenyewe kukaa, kwa sababu kiti, kama suruali, lazima kipimwe na mwenyewe. Mkaaji Mkuu alifika saa nne asubuhi na magari arobaini. Hakuwa amekaa rasmi kwa miezi mitatu, miguu ilikuwa imemvimba. Alipokiona Kiti nusura alie. Sikudhani alikuwa amekijaza sponji mpya, amekivalisha kitambaa kizito, na kwa kweli, kisasi kando, ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Mtukufu akaketi. "Aaah," alisema, na taifa zima likasikia redioni.

"Asinyanyuke," alisema Sikudhani. "Gundi ya mguu inataka uzito wake mwenyewe. Akae mpaka jua lizame."

Dakta Ngebe alipinga. Alisema msafara uondoke sasa hivi. Lakini Mkaaji Mkuu alikuwa tayari anakoroma. Upepo wa Mkiani ulikuwa ukipita, hakukuwa na honi, hakukuwa na mtu aliyelala kwenye ngazi. Alilala kwa amani, mawaziri wakiwa wamesimama juani, na Bwana Chande akiwa mlangoni na kalenda, penseli, na muhuri alioununulia wino mpya.

Jua likazama. Bwana Chande akagonga muhuri, *pa!* na Mtukufu akazinduka.

"Niko wapi?"

"Makao Makuu, Mtukufu," alisema Bwana Chande. "Siku tisini mfululizo. Karibu nyumbani."

Mawaziri wote walianza kusema kwa pamoja. Dakta Ngebe alisema zaidi yao, jasho likimtiririka kwenye kola, maana ghorofa saba zilikuwa zimeanza kumpita machoni moja baada ya nyingine. "Kirudishwe! Kipakieni kwenye lori sasa hivi! Kirudi Kilele!"

"Kinaweza kurudi," alisema Sikudhani kwa upole. "Ila kikitikisika barabarani, mimi dhamana sitoi. Aliyekikalia anaweza kuanguka."

Neno *kuanguka* lilipita katikati ya mawaziri wote. Mkaaji Mkuu alishika mikono ya Kiti kwa nguvu.

"Hakitoki hapa," alisema. Na kwa kuwa alisema amekaa, ilikuwa amri.

*

Asubuhi Ofisi ya Bei ilifika na utepe wake. Walipima kutoka mguu wa Kiti. Mtu wa Mkiani aliyeketi kula chapati akiwa maskini alinyanyuka tajiri, chapati ikiwa bado nusu. Na wale mawaziri, majaji na wataalamu wa Kilele-haishuki walikuja mbio kutafuta kiwanja, chumba, hata kabati. Kila walikouliza, kuanzia stendi mpaka kilimani, walijibiwa kwamba ni mali ya yule mama fundi. Walipiga foleni mbele ya mlango wa mninga. Sikudhani alimpokea kila mmoja kwa heshima, akamwambia aje Jumamosi.

Utepe ukaendelea kuburuzwa mpaka Kilele, kilomita mia tatu. Ulipofika kiwanja namba arobaini na nne wale watu watatu walihesabu, wakahesabu tena, wakaandika: *Bei: kuku mmoja. Mdogo.*

Siku ya pili yake barua ilifika kwenye wizara ya Dakta Ngebe, imetiwa sahihi *Mwananchi Mwema*. Ilikuwa ya mistari miwili. Ilisema kwamba Kilele, kwenye kiwanja cha bei ya kuku, kuna ghorofa saba zenye taa juu, na ghorofa hizo hazifanani na bei ya kiwanja chake. Mwandishi aliumia sana kuona kiwanja kinadhalilishwa kwa kubebeshwa makubwa.

"Lakini sheria ilikusudia vibanda!" Mheshimiwa alimlilia Bwana Chande.

Bwana Chande alivaa miwani. "Sheria inasema *itafanana*, Mheshimiwa. Nyumba ndogo kwenye bei kubwa haifanani. Nyumba kubwa kwenye bei ndogo nayo haifanani. Mwandishi angetaka kusema vingine angesema." Akageuza karatasi. "Sahihi haihitajiki. Rufaa hakuna. Kimeandikwa vizuri sana hiki kifungu, nani aliandika?"

Mheshimiwa alikimbia kwa Mkaaji Mkuu, akapiga magoti mbele ya Kiti, akaomba sheria ifutwe leo. Mkaaji Mkuu alikuwa amejinyoosha, macho nusu yamefumba. Alikuwa amejifunza maneno mapya huku Mkiani na aliyapenda.

"Njoo Jumamosi," alisema.

Ilikuwa Jumanne. Kijiko kilipangiwa Alhamisi.

Hapo Dakta Ngebe alikumbuka kifungu cha pili, akaja mbio mpaka mlango wa mninga akihema. "Wewe fundi! Wewe ulidhalilisha kiwanja! Huruhusiwi kukanyaga Makao Makuu, na Makao Makuu ni hapa! Toka Mkiani! Leo hii toka!"

Alidhani amempata. Sikudhani alikuwa ameshafunga cherehani yake kwa kanga. Kochi la kijani lilikuwa juu ya lori, na mlango ulikuwa umeng'olewa na kulazwa kando yake. Kwapani alishika kuku.

"Natoka, Mheshimiwa," alisema. "Funguo na wapangaji nimemwachia Bwana Chande. Mimi naelekea Kilele. Siku hizi naruhusiwa."

*

Ofisi ya ardhi ya Kilele ilikuwa na karani mmoja aliyebaki, kwa kuwa alikuwa amelala wenzake walipohama. Alimchukua yule kuku mdogo wa Sikudhani, akampima kwa mkono, akamwandikia hati ya kiwanja namba arobaini na nne. Jioni ya Jumatano Mheshimiwa alimpigia simu kuahidi hundi yoyote atakayotaka. Karani alimjibu kwamba bei ni kuku, na hundi hazitagi.

Alhamisi asubuhi Sikudhani aliweka kochi la kijani barabarani, palepale, akaketi na bakuli la uji. Ghorofa saba zilikuwa tupu. Wapangaji wote walikuwa wamekifuata Kiti. Kijiko kikaja, na dereva alikuwa yuleyule, nywele zimeingia mvi. Alimtambua. Alishuka akamsogelea, akiwa amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Siku ile niliwatii tu."

"Marahaba. Na leo watii," alisema Sikudhani.

Taa zenye jina zilianguka kwanza. Sikudhani hakufumba macho hata vumbi lilipomjia; alitaka kuona kila tofali. Alifurahi. Hatutamsingizia huzuni ambayo hakuwa nayo: alifurahi mpaka uji ukamwagika kwenye kanga, naye akacheka peke yake barabarani kwa sauti ya mama yake.

Ghorofa ya tatu ilikuwa inashuka Dakta Ngebe alipofika. Alikuja bila mwavuli na bila wapiga picha. Mthamini alikuwa anakagua kama kuna chochote kinachofanana na bei ya kuku cha kumwachia mwenyewe. Akampa kitasa.

Mheshimiwa alishika kitasa chake, akatazama kifusi. Akatazama ule mlango wa mninga ulioegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Akatazama kochi, mwanamke, bakuli la uji. Kidogokidogo, kama mtu anayepapasa kiatu gizani, akakumbuka. Akajikuta ameketi chini, kwenye vumbi, miguuni pa kochi.

Ikatoka pumzi ndefu, na neno moja tu ndani yake.

"Sikudhani..."

Bakuli likawekwa chini taratibu.

"Abee," akaitika Sikudhani, kwa adabu zote alizofunzwa na mama yake.